Hatua Tisa Hadi Kwenye Nguzo

Mwanangu Zahara,

Umevuka kwenda kumuaga bibi yako ng'ambo ya bonde, na ninavyomjua hatakuachia mapema. Nimeitumia nafasi hiyo. Mimi na mdogo wako Asia tumepanda huku juu barabarani, tumeketi ndani ya gari, mlango mmoja tumeuacha wazi, na taa ya jirani yetu Mama Salimu inatumulikia karatasi. Mimi nasema, yeye anaandika. Kalamu yangu iliishia darasa la saba, na mkono huu uliozoea usukani ukishika peni unaandika kama kuku aliyepita kwenye majivu. Mengine yananitoka kwa Kishambaa, naye anayageuza kuwa Kiswahili cha kidato cha tatu bila hata kuniuliza. Kwa hiyo ukikuta humu neno zuri, ni la mdogo wako. Ukikuta kosa, ni langu.

Ya sweta, ya dawa ya kifua, ya nani wa kumpigia simu ukifika, mama yako ameyamaliza yote, na mengine ameyasema mara mbili. Mimi nataka kukusimulia habari ya mahali pa kuchajia gari hili. Najua utasema, Baba, habari hiyo naijua, nilikuwapo. Ulikuwapo. Lakini hukuwa ndani ya kichwa changu, na mambo mengi yaliharibikia humo.

Unakumbuka siku gari lilipokuja. Baba yako mkubwa alikuwa amelipata Dar, gari la umeme la mtumba kutoka Japani, betri yake imeshatumika lakini bado ina nguvu. Nikauza teksi yangu ya petroli, iliyokuwa inakunywa kuliko ninavyokula, na gari hili likaletwa juu ya lori hadi Mombo. Kutoka Mombo nikalipandisha mwenyewe. Kila kona niliyoimaliza, nilikitazama kile kipimo cha chaji mbele yangu, vile vijiti vinavyopungua kimoja kimoja. Niliingia Soni vimebaki viwili, siku ya soko, wauza karoti wote wako barabarani.

"Dereva," akasema mmoja, "likizima utalianika juani kama betri za redio?"

"Mimi ninayo anteni nyumbani," akadakia mwingine. "Pita uichukue."

Nilicheka nao. Tangu siku hiyo nikawa Baba Redio, na nilikuwa naitikia. Lakini moyoni niliweka nia kwamba nitajenga mahali pa kuchajia ambapo kila apitaye barabarani atapaona, na atajua kwamba aliyemcheka ana akili. Nakuambia hili kwa sababu ndilo kosa la kwanza. Nilikuwa nachagua mahali pa kumjibu muuza karoti. Gari lenyewe sikuwa nimelifikiria.

Wewe ulikuwa unachagua mahali pa gari. Uliichukua kazi ile kama mtihani. Nilikuona jioni kadhaa ukipanda na kushuka matuta ya kabichi, unahesabu hatua midomo ikicheza, unaandika kwenye lile daftari lako la fizikia. Nyumba yetu iko chini, barabara iko juu, na gari haliwezi kushuka hata ungelifunga mbawa. Katikati kuna matuta, na katikati ya matuta unapita mfereji unaotunywesha wote, sisi zamu yetu Jumatatu, Mama Salimu Alhamisi. Ulikuwa umeandika hivi, na ukurasa huo ninao mpaka leo: kutoka mita ya luku ya nyumbani hadi gari linapolala, hatua themanini na nne, unavuka mfereji. Kutoka nguzo ya umeme hadi gari linapolala, hatua tisa, huvuki kitu.

Siku fundi Kupaza alipokuja na rola la waya begani, ulisimama pembeni hadi tukamaliza salamu. Kisha ukasema kwa sauti yako ile ya chini:

"Baba, kwa nini tusiombe luku ya pili tuiweke pale kwenye nguzo? Kila kitu kitabaki juu ya maji."

Kupaza akacheka. "Nguzo iko kwa Mama Salimu. Baba yako atamwambia nini yule mama? Atamwimbia?"

Alijua alichokisema. Kijiji kizima kilijua. Mimi na Mama Salimu tulikuwa tumekosana kwa sababu ya masale manne, ile mimea ya mpakani, ambayo mimi nilisema yamesogea na yeye akasema macho yangu ndiyo yaliyosogea. Miaka ikapita tunapishana njiani, yeye anatazama kabichi, mimi natazama mawingu. Na sasa nguzo imesimama upande wake wa masale.

Ningeweza kukujibu, mwanangu, wazo lako ni zuri ila mimi naona aibu. Badala yake nikasema, mbele ya Kupaza, "Hii ni kazi ya watu wazima. Nenda jikoni kamsaidie mama yako."

Ulilifunga daftari. Hukununa. Ulilifunga polepole, kama mtu anayefunika chakula kilichokataliwa, ukashuka.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa utingo wa lori la mboga. Siku moja tunashuka na kabichi kuelekea Mombo, nikasikia harufu ya breki. Nikamwambia dereva, "Mzee, breki zinanuka." Akaniambia, "Inayonuka ni pua yako. Kaa." Nikakaa. Kona ya tatu tukaingia mtaroni, na kabichi zikateremka hadi mtoni zikirukaruka kama watoto waliofunga shule. Hatukuumia. Lakini nilipokuwa nimekaa pale kwenye majani, nilijiapiza kwamba nikiwa dereva, nitamsikiliza utingo. Na kweli, miaka yote nikiwa barabarani nimewasikiliza matingo. Sikujua kama kiapo kile kilimhusu na binti yangu mwenye daftari.

Basi tukafanya kazi ya watu wazima. Mfereji ulikuwa mkavu wakati ule, maana kidaka maji cha kule juu kinachoujaza kilikuwa kimebomoka, na msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, wa kukijenga ulikuwa bado. Mtu wa huku anayefukia waya mferejini kwa sababu mfereji ni mkavu ni sawa na mtu anayelala barabarani kwa sababu hajaona gari. Lakini udongo wa kingo zake ni laini, hauna mawe, na Kupaza hapendi mawe. Tukafuata ukingo, tukapitisha waya chini ya mfereji, tukapanda. Rola likaisha kabla hatujafika. Kupaza akaunga kipande kingine palepale, akakizungushia teipu nyeusi, akafukia.

"Na maji yakirudi?" nikamwuliza.

"Maji na umeme ni mashemeji," akasema. "Wataheshimiana."

Nikacheka, kwa sababu ni Kupaza, na tulichunga mbuzi pamoja, na mtu uliyechunga naye mbuzi huwezi kumwuliza swali la pili. Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo. Kupaza si mtu mbaya. Waya ule aliufunga kwa bei ya urafiki, akala ugali wetu, akaenda zake akiamini amenisaidia. Urafiki wetu ulitosha kwa mengi, lakini haukutosha kuzuia maji yasiingie kwenye kiungo, na mimi nilitaka utoshe.

Wiki tatu gari liliamka limejaa kila alfajiri. Nililipaka boksi la chaji rangi ya bluu. Nilikuwa nawahi abiria wa Lushoto wa kwanza, narudi Soni, napanda tena, na nilianza kukuambia habari za chuo kama jambo la kweli. Kisha kidaka maji kikajengwa, maji yakarudi, na Alhamisi ikafika.

Mama Salimu alikuja na jembe lake kugeuza maji yaende kwenye maharage yake. Peku, kama siku zote. Mimi nilikuwa kwenye kabichi, wewe ulikuwa unapanda na ndoo. Hakupiga kelele kubwa. Alisema "Yaa," kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, akarushwa chali ndani ya maharage, mkono mmoja bado umo majini. Mimi nikatupa jembe nikakimbia kumkamata. Na hapo nikasikia sauti ambayo sikujua kama unayo.

"Baba, usimguse. Usiingie majini."

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama. Wewe ulikuwa umeshatupa ndoo, unateremka matuta mawili mawili hadi nyumbani kuzima swichi kubwa. Uliposema "Tayari," ndipo nikamwinua. Alikuwa anapumua. Macho yake yalinitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu masale.

Kule zahanati walisema moyo uko salama. Mkono wake wa kulia ulikuwa na ganzi siku mbili, na mzito kwa siku nyingi baadaye. Kama ungechelewa kidogo, au kama ningemshika, Asia angekuwa anaandika barua nyingine leo.

Hata hapo sikukoma. Mzee Shemdoe, ambaye ndiye mzee wa mfereji, aliita watu pale kwenye kidaka maji, akaniuliza imekuwaje. Nikasema waya umetafunwa na fuko. Fuko, Zahara. Nilimsingizia mnyama asiyeweza hata kuja kikaoni. Ulikuwa umekaa na kina mama, na nilikuona ukitazama chini. Ungeweza kunyanyuka na kunivua nguo mbele ya watu wote. Hukunyanyuka.

Mzee Shemdoe alitoa hukumu bila kupandisha sauti. Waya ufukuliwe siku ileile. Gari lilale kwingine mpaka watu waone kwa macho yao kwamba lina mahali salama. Na umeme ukionekana mferejini mara ya pili, zamu yetu ya maji imefutwa.

Unajua ilivyokuwa baada ya hapo. Nililipeleka gari Soni, nikawa nalipia soketi ya gereji moja, jioni napanda mlima kwa miguu, alfajiri nashuka kwa miguu. Nilipofika, abiria wa kwanza walikuwa wameshachukuliwa na wengine. Kabichi hazikunikumbuka, ila mimi nilizikumbuka. Nikaanza kumwambia mama yako kwamba tuliuze gari. Nilisema kwa sauti ndogo usisikie, na ulisikia, kwa sababu bila gari chuo chako kingebaki kuwa neno tunalolisema baada ya chakula.

Alhamisi iliyofuata uliondoka asubuhi na jembe, na Asia akakufuata. Yaliyotokea huko nimeyapata kwake. Ulikwenda kwa Mama Salimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuangalia kama nimekufa?"

"Nimekuja kukufungulia maji. Mkono wako bado."

Ukamfungulia maji, ukayaongoza tuta kwa tuta hadi maharage yake yote yakanywa, na yeye amekaa kwenye jiwe anakukosoa. Kulia kidogo. Si huko, unazamisha mbegu. Nani alikufundisha kushika jembe, fuko? Ulipomaliza ukanawa miguu, ukamwambia:

"Mama, hakukuwa na fuko. Kiungo kilifungwa vibaya, na hakikutakiwa kuwa pale. Mimi nilijua, nikanyamaza."

"Ulinyamaza, au ulinyamazishwa?"

"Nilinyamaza."

Asia ameniambia hilo juzi tu. Miezi yote hii amelibeba. Nilipolisikia nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye kabichi.

Kisha ukamwomba ardhi. Ulimwomba hatua tisa, na ukamwonyesha daftari. Mama Salimu akacheka hadi mkono ukamuuma.

"Umeme wenu umenirusha kwenye maharage, na sasa mnataka kuja kuulaza kwangu?"

"Ndiyo, mama. Ukiwa hapa utauona kila siku. Ule ulikupiga kwa sababu ulifichwa."

Aliinama. Asia anasema alikuwa anang'oa majani ambayo hayakuwa magugu. Mwisho akasema, "Nina masharti matatu. La kwanza, baba yako aje mwenyewe, asikutume. La pili, niwekewe taa pale kwenye kona. Sisi tunaobeba mboga alfajiri tunateleza pale kila masika. La tatu nitalisema siku ya kuwasha."

Ukaja ukaniambia masharti yake. Hukuniambia niende. Ulisema tu, "Mama Salimu yuko nyumbani leo," ukaanza kuchambua mchele.

Kutoka mlangoni kwetu hadi kwake si mbali. Nimepanda kutoka Mombo usiku na mvua, na breki mbovu, na abiria wanaosali kwa sauti, lakini sijawahi kupanda njia ndefu kama ile. Nilimkuta uani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kumbe shikamoo unaijua."

"Dada, nimekuja kusema kwamba fuko hakuwapo."

"Najua," akasema. "Fuko wa kwetu hajui kufunga teipu. Nilikiona kile kiungo walipofukua."

Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba nilipitisha waya hatua themanini na nne, chini ya maji anayokanyaga yeye na wanawe, ili nisimwombe hatua tisa. Aliponisikia nikilisema hivyo, hakunisaidia. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Na masale?" Nikasema masale yabaki yalipo. Akasema, "Yamekuwa hapo siku zote." Akaniletea chai.

Yaliyofuata ni yako, na mimi nayasimulia kwa raha. Tuliomba luku ya pili, watu wakaja wakapima, tukangoja. Fundi mwenye leseni akapanda kutoka Lushoto, kijana mtaratibu mwenye miwani. Nikampa daftari lako. Akalisoma amesimama, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. Uliandika: waya mnene, ndani ya bomba, hauna kiungo hata kimoja. Fimbo ya ethi, ya kupeleka umeme ardhini, igongwe chini hadi udongo wenye unyevu. Swichi ya kukata umeme wenyewe unapovuja, kabla mtu hajasema yaa. Boksi liwe juu, kifuani kwa mtu, chini ya kipaa cha bati, mlango wake utazame barabarani na mgongo uelekee mvua.

"Nani kachora hii?" akauliza.

"Huyu," nikasema.

"Kasomea wapi?"

"Bado hajasomea."

"Basi mzee, unangoja nini?"

Kupaza naye alikuja, bila kuitwa. Hakugusa waya. Alibeba mawe ya msingi wa kibanda tangu asubuhi, yale mawe asiyoyapenda, na jioni akakuuliza kwa nini bomba na si teipu, ukamweleza, akasikiliza. Usije ukamcheka ukirudi likizo. Mtu mzima aliyekubali kuuliza ameshalipa.

Siku ya kuwasha tuliipanga siku ya msaragambo, watu wote wakiwa mferejini na majembe, kwa sababu Mzee Shemdoe alisema wataona kwa macho yao. Ulikuwa umesimama kwenye boksi, umevaa lile koti la mama yako. Gari lilikuwa mahali pake. Nguzo, boksi, gari, vyote juu ya maji. Nikamwuliza Mama Salimu sharti la tatu.

Akasema, watu wote wakisikia, "Baba yake aingie mferejini. Peku. Asimame hadi gari lianze kula."

Watu wakalipuka kwa kicheko. "Redio inaingia majini," akasema mmoja. Mwingine akasema, "Mtoe betri kwanza." Mzee Shemdoe alicheka kwa mabega.

Nilivua viatu, nikampa Asia. Nikakunja suruali, nikaingia. Na wewe, badala ya kuwasha, ukaacha boksi ukateremka hadi ukingoni.

"Baba, si lazima. Nimeshapima na fundi amepima. Mama Salimu anatania."

"Hatanii," nikasema. "Yeye hakuulizwa kama anataka kuingia."

"Lakini, Baba."

"Zahara. Ulipoandika hatua tisa, uliandika ukiwa na hakika?"

"Ndiyo."

"Basi washa."

Ulipanda tena. Miguu yangu ilikuwa inatetemeka kwa baridi, maji ya huku unayajua. Nikasikia swichi, tak. Zile taa ndogo tatu za bluu kwenye gari zikaanza kucheza. Maji yakaendelea kunipita miguuni kama maji. Mtu mmoja alikuwa ameshika jembe juu hewani, nadhani alisahau kulishusha.

Hapo Mama Salimu akavua kandambili zake. Akazipanga ukingoni, akakunja kanga, akaingia, akasimama kando yangu kwenye maji yaleyale. Alitazama miguu yake, akanitazama mimi, akatazama huko juu ulikokuwa.

"Baridi tu," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa pale sikuvisikia hata kwenye harusi yangu. Mzee Shemdoe alisubiri vitulie, akasema zamu ya Jumatatu iko palepale, akashika jembe. Na wewe ukabaki umesimama kwenye boksi, mkono bado kwenye mlango wake, unatabasamu kwa aibu yako ile, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa kupewa zawadi na hajui akaiweke wapi. Nimebeba abiria wengi, mwanangu. Nimeona watu wakirudi kutoka mbali na vitu vikubwa. Sijaona mtu aliyesimama vizuri kuliko wewe siku ile.

Tangu hapo gari halijalala Soni hata mara moja. Wenye bodaboda za umeme wawili wamekuja kuuliza nani alipanga ile kazi. Mwenye nyumba ya wageni kule Lushoto anataka mahali kama pale kwa ajili ya wageni wake, akanionyesha ukuta mzuri, nikamwuliza maji ya paa yanamwagikia wapi, akanitazama kama anayemtazama mtaalamu. Sikumwambia nimelipataje swali hilo. Mama Salimu anaichukulia taa kama mwanawe. Alfajiri wanawake wakipita na vikapu pale kwenye kona husikia sauti yake uani, "Piteni, nimewawashia." Na Soni siitwi tena Baba Redio. Naitwa Baba Zahara, na anayeita huwa ananiuliza habari zako.

Asia ananiambia karatasi inakwisha. Basi nikuambie lile lililonipandisha huku.

Huko chuoni utakutana na akina Kupaza, watu wema wenye teipu. Utakutana na akina mimi pia, wenye sauti nene na sababu wanayoificha. Mtu akikukatalia jambo ulilolipima, huenda kuna nguzo mahali fulani iliyo upande wa mtu asiyesemezana naye. Mwulize ni ya nani. Mimi ungeniuliza ningekasirika, halafu ningekujibu. Na siku itafika wewe ndiwe utakayekuwa mkubwa kazini, una haraka, rafiki yako amesimama na rola la waya, na mtoto mmoja mwenye sauti ya chini ameshika daftari pembeni. Siku hiyo nikumbuke. Mwache amalize kusema.

Neno lile la kwenda jikoni naliondoa. Nilipaswa kuliondoa palepale, mbele ya Kupaza. Nimeliondoa leo mbele ya Asia, na kesho nitaliondoa tena mbele yako kwa mdomo, kabla hatujawasha gari.

Kesho nitakushusha hadi Mombo kwenye basi. Ukikaa mbele, tazama vile vijiti. Tukiteremka, gari linajirudishia chaji lenyewe kwenye zile kona, kwa hiyo tutafika chini tukiwa na zaidi kidogo ya tulichotoka nacho Soni. Utakapopanda basi, mimi nitageuza. Nitapanda peke yangu, na vijiti vitapungua kona kwa kona kama siku ile ya kwanza. Safari hii sitavitazama sana. Najua ninakokwenda kuchomeka.

Nenda, mwanangu. Kwetu tuko wazima, na maji yanafuata zamu.

Baba yako.

Dada Zahara, mimi ni Asia. Yote hapo juu ni ya Baba, nimerekebisha sentensi tu. Hili moja ni langu, na nimeliandika akiwa ametoka kuangalia boksi. Amesema miguu yake ilitetemeka kwa baridi. Siku ile jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi na maji hayakuwa na baridi. Mimi nilikuwa karibu, nimeshika viatu vyake, na nilimsikia akisoma dua kwa kunong'ona hadi uliposhika swichi. Aliogopa, dada. Lakini uliposema una hakika, hakutoka.